Vyuo viwatafutie fildi watoto wasio na ndugu mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka 21 nikiwa afisa rasilimali watu, kwanza katika kiwanda kimoja mkoani Morogoro na sasa katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam. Jambo lenyewe ni namna vyuo vikuu vyetu vinavyowaacha wanafunzi wa kaya maskini wajitafutie mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wenyewe huyaita fildi, na namna utaratibu huo unavyoamua mapema nani ataajiriwa na nani atarudi kijijini na cheti chake ndani ya bahasha.

Mwaka juzi, mwezi Juni, binti mmoja alifika getini kwetu siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza mlinzi alipokea barua yake, akamwambia aende, atapigiwa. Siku ya pili aliambiwa hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimkuta mwenyewe nilipokuwa nikiingia kazini saa moja na nusu asubuhi, amesimama chini ya mwarobaini ulio nje ya geti, amevaa sketi nyeusi iliyopigwa pasi kwa uangalifu na viatu vya kufunika vilivyojaa vumbi, nakala ya barua yake ameikumbatia kifuani. Aliniamkia, kisha akasema, “Samahani mama, naomba kuuliza kama barua yangu ya fildi imeshasomwa.” Nilimwuliza kwao ni wapi, akasema Kibondo, mkoani Kigoma. Nilipomwuliza ana ndugu gani hapa mjini, alisita, akajibu kwa sauti ya chini, “Sina, mama. Nimefikia kwa rafiki yangu, Mbagala.”

Nilikwenda moja kwa moja masijala. Barua yake ilikuwa kwenye trei pamoja na nyingine zaidi ya sitini, zote katika bahasha za kaki, zote hazijafunguliwa. Nafasi sita tulizokuwa nazo mwaka ule zilikuwa zimekwisha tangu Aprili, na hakuna hata moja iliyotolewa kwa sababu ya barua. Zilitoka kwa simu na kwa vimemo: mpwa wa meneja, mtoto wa mteja wetu mkubwa, kijana aliyeletwa na mtu ambaye hatukuweza kumkatalia. Wawili kati ya sita hao niliwapitisha mimi, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Sikuona kosa wakati ule. Kila mtu alifanya hivyo, na kijana mwenyewe alikuwa mzuri na alijituma. Lakini nilipozishika zile bahasha na kusoma majina ya mahali kwenye anuani za nyumbani, Kakonko, Nanyumbu, Mkalama, Ukerewe, nilielewa kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimelifunga geti kwa mkono wangu bila kujua limefungwa.

Binti yule nilimwombea nafasi ya saba, akaipata. Mwezi Agosti msimamizi wa bohari alikuja ofisini kwangu kuuliza kama anaweza kuongezewa wiki mbili, kwa kuwa tangu alipokabidhiwa daftari la kupokea mizigo hesabu za jioni zilikuwa zikilingana na mizigo iliyopo sakafuni. Wenzake wa zile bahasha nyingine sikuwaona.

Asiyeijua kazi ya ajira anaweza kudhani kwamba fildi ni wiki nane tu za kusaini daftari la mahudhurio na kuandika ripoti. Kwa mwajiri, hapo ndipo mtu anapofahamika. Msimamizi wa fildi ndiye ambaye jina lake na namba yake ya simu vitaandikwa baadaye kwenye wasifu kama mdhamini. Pale pale kijana husikia kwamba kuna nafasi ya utarajali au ya kujitolea itakayofunguliwa Januari, wiki tatu kabla tangazo halijabandikwa. Hapo hujifunza jinsi dokezo linavyoandikwa, jinsi ya kumjibu mteja mwenye hasira, jinsi ya kukaa kwenye kikao na kunyamaza mpaka zamu yake ifike. Ninapoketi kwenye meza ya usaili mbele ya vijana wanne wenye shahada ile ile na alama zinazokaribiana, swali linalowatenganisha ni moja: umewahi kuifanya kazi hii wapi? Aliyepata fildi nzuri ana la kusema kwa dakika tano. Mwenzake anaangalia chini.

Na mwanafunzi asiyepata mahali hufanya nini? Chuo kinadai fomu iliyopigwa mhuri, na tarehe zinakaribia. Basi hurudi kwao, ambako angalau chakula na mahali pa kulala havinunuliwi, akaomba hisani katika ofisi ya kata au shule ya jirani. Sizidharau ofisi hizo hata kidogo. Kwa anayesomea maendeleo ya jamii au ualimu ndiko mahali pake hasa. Lakini mwanafunzi wa ununuzi na ugavi, wa uhasibu, wa uhandisi wa mitambo, akipelekwa huko atakaa wiki nane akiandika barua za utambulisho wa wanakijiji. Ripoti ataiandika, alama atapewa, na kwenye matokeo itaonekana kwamba amefaulu mafunzo kwa vitendo sawa na mwenzake aliyekuwa bandarini.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inastahili pongezi kwa kuweka mafunzo kwa vitendo kuwa kipengele cha mkopo, kando ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huyaita bumu. Fedha hizo humlipia kijana nauli na wali. Mlango wa ofisi haufunguki kwa fedha hizo.

Nayasema haya sasa kwa sababu ya hesabu moja ambayo sijaona ikifanywa hadharani. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwezi ule alimaliza kidato cha nne mwaka 2019, akamaliza kidato cha sita mwaka 2022, akaingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo huo, na kama shahada yake ni ya miaka mitatu alihitimu mwaka 2025. Kwa maneno mengine, kundi la kwanza la watoto waliosoma sekondari ya chini bila kulipa ada ndilo limeanza kuvaa majoho juzi tu. Nyuma yao wanakuja waliofutiwa na ada ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Wapo miongoni mwao watoto wa kaya zilizo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, yatima waliolelewa na bibi, watoto wa vibarua wa mashamba ya mkonge. Taifa limewabeba kutoka dawati la kidato cha kwanza mpaka jukwaa la mahafali, kisha likawaacha hatua chache kabla ya mlango, mahali ambapo kinachohitajika ni mtu wa kupiga simu.

Nitaambiwa kwamba vyuo vina vitengo vya ushauri wa ajira. Ni kweli, vyuo kadhaa vinavyo, na wapo humo watumishi wanaofanya kazi kwa moyo, wakati mwingine mtu mmoja au wawili kwa maelfu ya wanafunzi. Ninachokilalamikia ni kwamba vitengo hivi vimejengwa kwa ajili ya mwanafunzi anayejua tayari kwamba vipo, anayejua aulize nini, na ambaye haoni aibu kugonga. Ofisi imefunguliwa, tangazo limebandikwa, semina ya kuandika wasifu imepangwa Jumatano mchana, anayetaka aje. Anayekuja ni yule ambaye mama yake ni mhasibu na tangu yuko kidato cha tatu amesikia habari za usaili mezani wakati wa chakula.

Nimewahi kutumwa na kampuni kusimama kwenye meza yetu katika siku ya ajira ya chuo kimoja. Ukumbi ulijaa, muziki ukipigwa, vijana wamependeza kwa suti. Karibu na mlango niliona kijana aliyevaa shati jeupe lililokwisha kola, amesimama kwa muda mrefu bila kusogea. Mwishowe alikuja, akaangalia vipeperushi vyetu vilivyokuwa vimerundikwa pale kwa ajili ya kugawiwa, akaniuliza, “Mama, na mimi naruhusiwa kuchukua?” Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kile kile. Alikuwa amekaa miaka mitatu mahali ambapo kila kitu kilitangazwa kuwa ni cha wanafunzi wote, na bado alihitaji mtu amwambie kwamba na yeye ni mmoja wao.

Kwa hiyo ninachoomba ni kwamba kazi igeuzwe: kitengo kimfuate mwanafunzi, na kimfuate tangu mwaka wa kwanza. Kumtambua si kazi ngumu. Bodi ya Mikopo, inayofanya kazi tangu mwaka 2005, inapopanga mikopo huangalia uyatima, ulemavu na kama kaya ya mwombaji inahudumiwa na TASAF. Taarifa hizo zikitumiwa kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe na kwa siri inayostahili, bila kubandika orodha ya maskini ukutani wala kuwaita kwa kipaza sauti, mshauri wa ajira anaweza kuwa na majina yake mezani kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Ampigie simu kila mmoja. Asitume tangazo kwenye kundi la watu elfu moja. Ampigie, amwite kwa jina lake, amwambie njoo Alhamisi saa nne tuzungumze. Vijana hawa wamezoea kwamba wakiitwa ofisini wana kosa au wanadaiwa. Wakiitwa kwa jambo la heri mara moja tu, watarudi wenyewe.

Mazungumzo hayo ya kwanza yaanze na vyeti. Jambo hili linaonekana dogo mno kwa aliyelelewa mjini, kwa hiyo naomba nilieleze kwa kirefu kidogo, maana huku ndiko ninakoona watoto wa vijijini wakiangukia. Kijana amezaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa amekitafuta akiwa na miaka 17 kwa ajili ya kuomba mkopo. Shule ya msingi aliandikishwa kwa jina la babu, kidato cha nne akafanya mtihani kwa jina la baba, na kwenye kitambulisho cha NIDA jina la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti. Kwa miaka yote hakuna aliyemsumbua. Siku anapoomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, au anapoleta nyaraka kwetu, majina hayalingani. Kurekebisha kunataka kiapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kunataka wakili, kunataka mhuri, kunataka wiki kadhaa. Na tangazo la kazi limempa siku 14. Nimeshalazimika kuliweka kando faili la kijana aliyefanya vizuri kwenye usaili kwa sababu hiyo tu. Mshauri wa ajira angeweza kuligundua tatizo hilo kwa dakika kumi katika mwaka wa kwanza, na chuo chenye kitivo cha sheria kina watu wa kulimaliza bila gharama kubwa.

Au chukua suala la wadhamini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji aandike majina ya wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na namba za simu zinazopatikana. Nimesoma wasifu nyingi kiasi kwamba naweza kumtambua mtoto wa maskini kwa kuangalia sehemu hiyo peke yake: mwenyekiti wa kijiji, mchungaji au ustadhi, na mwalimu wa sekondari ambaye namba yake haipatikani tena. Ni watu wa heshima, na huenda wanamjua kijana huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini ninapompigia mwenyekiti nikamwuliza kama kijana anaweza kufunga hesabu za mwezi, ataniambia nini zaidi ya kwamba ni mtoto mwenye adabu? Mwanafunzi huyo amefundishwa na wahadhiri zaidi ya ishirini kwa miaka mitatu na hakuthubutu kumwomba hata mmoja awe mdhamini wake. Kitengo cha ajira kikimkutanisha na mhadhiri mmoja anayeujua uwezo wake, na msimamizi mmoja wa fildi, sehemu ile ya wasifu itabadilika kabisa.

Hapo narudi kwenye fildi, ambako ndiko moyo wa barua hii ulipo. Napendekeza kwamba kila chuo kikuu kiingie makubaliano ya maandishi na waajiri wa sekta husika, kwamba sehemu ya nafasi za mafunzo kwa vitendo za kila mwaka zitakabidhiwa chuo chenyewe, na chuo ndicho kitakachozigawa kwa kuanzia na wanafunzi wasio na mtu wa kuwaombea. Mwenye mjomba bandarini aende kwa mjomba wake, simzuii. Asiye naye chuo kiwe mjomba wake. Kwa upande wa mwajiri hili si mzigo. Naandika nikijua ninachokisema: sisi tunawapokea vijana hao hao kila mwaka, wakiwemo wanaokuja kukaa tu kwenye simu kwa sababu wameletwa na wazazi wao. Chuo kikituletea kijana aliyeandaliwa, mwenye mwalimu anayefuatilia maendeleo yake, tutakuwa tumepunguziwa kazi. Mradi wa HEET wa kuleta mageuzi ya kiuchumi kupitia elimu ya juu, ambao Serikali iliukopea Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, umeweka uhusiano wa vyuo na waajiri kuwa mojawapo ya mambo yake. Majengo yanaonekana yakipanda, na ni jambo jema. Ningefurahi uhusiano huo nao ukionekana kwenye trei ya masijala yetu.

Nauli, makazi ya wiki nane na nguo ya usaili ni mambo ambayo hayahitaji maneno mengi: chuo kiwe na mfuko mdogo, wahitimu wake wa zamani wauchangie, na mwanafunzi aombe kwa fomu ya ukurasa mmoja bila kuhojiwa kama mshtakiwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia katika chuo nilichosoma.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni bure kwa kuwa ajira zenyewe hazipo. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyofika yalizidi 135,000, na usaili wa mchujo ukafanyika Machi 2025 katika mikoa mbalimbali. Takwimu hizo zinatisha, wala sitazipunguza ukali. Lakini uchache wa nafasi ndio unaofanya swali la nani anazipata kuwa zito zaidi. Chakula kikiwa tele sahani haina maana sana; kikiwa kidogo, anayekaa mbali na sufuria hulala njaa. Hali kadhalika wanaowaambia vijana hawa wajiajiri wanasahau kwamba kujiajiri nako kuna geti lake. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, huombwa kwa vikundi, kwa katiba ya kikundi, kwa akaunti ya benki na andiko la mradi. Mhitimu wa shahada anayetoka chuoni bila kuwahi kuonyeshwa andiko hilo hatofautiani sana na asiyekwenda chuo. Kitengo cha ajira kinachojua kazi yake kitamfundisha hayo pia, na kitamwambia ukweli kuhusu mtaji badala ya kumtia moyo kwa hotuba.

Tena Bodi ya Mikopo yenyewe ina maslahi katika jambo hili. Kwa sheria iliyopo, mnufaika hupewa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kutakiwa kuanza kulipa, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Asiye na kazi hakatwi chochote, na deni lake halimsaidii mwanafunzi mwingine anayesubiri. Miezi hiyo 24 ndiyo muda ambao vyuo huachana kabisa na mhitimu wao: kitambulisho kimerudishwa, barua pepe ya chuo imefungwa, na mshauri ana wanafunzi wapya. Kama ningepewa nafasi ya kupanga, ningesema kitengo cha ajira kiendelee kumhudumia mhitimu wa kaya maskini kwa miezi yote hiyo 24, kimpigie kila baada ya miezi mitatu, na kila mwaka chuo kitangaze wangapi wamepata kazi, wangapi wamejiajiri, wangapi bado, kikitenganisha waliokuwa na mkopo kamili na wasiokuwa nao. Tume ya Vyuo Vikuu inayotoa ithibati inaweza kulidai hilo kama inavyodai idadi ya wahadhiri na maktaba.

Tusidhani kwamba ni ndoto ya mama mmoja wa ofisini. Nchini Uingereza, ambako pengo kati ya watoto wa matajiri na wa maskini vyuoni ni la siku nyingi, sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 iliunda chombo cha kusimamia vyuo vikuu, na chuo kinachotaka kutoza ada ya juu kinapaswa kuwa na mpango ulioidhinishwa unaoeleza kitakavyowasaidia wanafunzi wa tabaka la chini kuingia, kudumu, kufaulu na kuendelea kwenye ajira baada ya kuhitimu. Wahitimu huulizwa wako wapi miezi kama 15 baada ya kumaliza, na majibu hutazamwa kwa kuzingatia walikotoka. Pengo halijafutika huko. Lakini linajulikana ukubwa wake, na kuna mtu wa kuulizwa.

Neno moja kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, maana wengi wao wamebeba umaskini na ulemavu kwa pamoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Waajiri tunaoulizwa kwa nini hatujafikisha kiwango hicho hujibu kwamba hatuwapati wenye sifa. Wenye sifa wako chuoni, wanahitimu kila mwaka, na sijawahi hata mara moja kupokea simu kutoka kitengo cha ajira cha chuo chochote kunieleza kwamba wanaye mhitimu asiyeona anayeweza kazi ya mapokezi au ya uchambuzi wa takwimu. Simu hiyo ningeipokea kwa mikono miwili.

Barua za fildi zimeshaanza kufika ofisini kwetu. Mwaka huu tuna nafasi nane. Nimezungumza na menejimenti, nayo imekubali kwamba nne kati ya hizo zisitolewe kwa simu wala kwa kimemo cha mtu yeyote, mimi nikiwemo, bali zikabidhiwe chuo kizigawe kwa wanafunzi wasio na pa kushika hapa mjini. Mwezi Februari niliviandikia vyuo viwili kuvieleza hivyo, nikaweka na namba yangu ya simu. Hakuna kilichojibu mpaka leo. Siamini kwamba wamekataa. Nadhani barua yangu imefika masijala yao na ikakosa meza ya kupelekwa, kama ilivyokosa ile ya binti wa Kibondo kwetu. Nafasi hizo nne nimezishikilia, na nitazishikilia mpaka mwisho wa Aprili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa rasilimali watu,
Tabata, Dar es Salaam